UZI: Injini ya rotari kwenye ndege ya kujijengea. Rejeta ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni mabomba

Mbayuwayu13B (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kule jukwaa la magari jamaa aliuliza kama ni kweli injini ya gari la Mazda RX-8 inaweza kurusha ndege, akaishia kuchekwa. Jibu ni ndiyo, na si jambo la juzi. Huku Marekani kuna watu wanaojenga ndege zao wenyewe gereji, wengi kwa vifaa vya Van's Aircraft ya Oregon, na wachache miongoni mwao huacha kununua Lycoming, injini ya kawaida ya ndege ndogo, wakafunga Mazda 13B, rotari ya ukoo wa ile ya RX-8. Injini ya cc 1308, rota mbili na shafti moja, haina valvu wala pistoni. Kwa kuwa inapenda kuzunguka haraka kuliko propela, katikati huwekwa giaboksi. Kwa uwiano wa 2.17, injini ikiwa mizunguko 6000 kwa dakika propela inapata kama 2765.

Leo naongelea maji tu. Kwenye ndege hizi injini yenyewe husumbua mara chache. Kinachosumbua ni joto. Na mwenye ndege akiona geji inapanda, wazo lake la kwanza ni rejeta kubwa zaidi. Mimi msimamo wangu ni kwamba usiguse rejeta kabla hujajua hewa iliyomo kwenye mfumo itatokea wapi. Hewa ikishakwama ndani, hata rejeta ya lori haikuokoi.

Hesabu kidogo kwanza. 13B ikitoa nguvu farasi 160 inakula petroli kama kilo 36 kwa saa. Petroli hiyo ina nishati ya karibu kilowati 440, na kinachofika kwenye propela ni 119 tu. Nyingi ya iliyobaki inatoka na moshi, lakini kilowati mia na ushei lazima zibebwe na maji na oili. Kwenye rotari, oili inabeba takriban theluthi moja ya mzigo huo, kwa sababu tumbo la rota linapozwa na oili inayorushwa kutoka kwenye shafti, si maji. Tuseme maji yamebakiwa na kilowati 75. Ukitaka tofauti ya nyuzi 10 tu kati ya maji yanayoingia rejeta na yanayotoka, na ndani kuna mchanganyiko wa nusu maji na nusu glaikoli (dawa ya kuzuia maji yasigande), unahitaji kuzungusha kama lita 2 kila sekunde. Hiyo ni ndoo ya lita 20 kujaa kwa sekunde kumi, mfululizo, safari nzima.

Sasa zipitishe lita hizo 2 kwenye bomba. Kipenyo cha ndani kikiwa milimita 32, maji yanakwenda mita 2.5 kwa sekunde. Kikiwa 25, mita 4. Kikiwa 19, mita 7. Upinzani nao unapanda kwa kasi kuliko watu wanavyodhani: kutoka milimita 32 hadi 19, kwa mtiririko uleule, unaongezeka kama mara 13. Mtu anafunga hozi ya milimita 19 kwa sababu inapita vizuri pembeni mwa fremu ya injini, halafu anashangaa rejeta ni ya baridi huku injini inaungua.

Upande wa kufyonza ndio unaohitaji jicho kali zaidi. Bomba linalotoka rejeta kwenda wota pampu likibana, presha mbele ya panga za pampu inashuka, na maji ya moto yakishushiwa presha yanachemka palepale. Pampu inabaki kuchapa mvuke. Kwa hiyo upande huo weka bomba pana kuliko yote uliyonayo, kona chache, na hozi ngumu au yenye springi ndani ili isijikunje.

Nikipata nafasi naendelea na njia ya maji ndani ya injini.

KiparaBuguruni

Mkuu, kwenye gari mbona maji yanazunguka yenyewe bila hesabu zote hizi? Nina RX-8 niliyoagiza Japani, maji nabadilisha na kuondoka.

Mbayuwayu13B

Kipara, kwenye gari Mazda walishakufanyia hesabu. Rejeta iko mbele ya injini, hozi mbili fupi, na injini imelala vilevile siku zote. Tena gari lako ni mara ngapi linatumia nguvu zake zote kwa dakika kumi mfululizo? Ndege inapopanda inatumia karibu nguvu zote, mwendo ukiwa mdogo na pua ikiwa juu, yaani joto jingi kwa hewa kidogo.

Halafu kuna jambo la mkao. Kwenye gari, wota pampu iko mbele na giaboksi nyuma. Kwenye ndege yenye propela puani, propela inafungwa upande wa giaboksi, kwa hiyo injini inageuzwa: wota pampu na themostati zinatazama ukuta wa kuzuia moto, miguuni kwa rubani. Maji yanatoka pampu, yanapita upande wa plagi hadi mwisho wa injini, yanageuka, yanarudi upande wa inteki na kutokea juu ya pampu. Ule mwisho yanakogeukia, kwenye gari ni nyuma. Kwenye ndege ni puani.

Ndege ikipanda, pua iko juu. Kama ni ya gurudumu la mkiani, hata ikiwa imeegeshwa pua iko juu. Povu la hewa linakwenda sehemu ya juu kuliko zote, yaani bamba la upande wa propela, mbali kabisa na tundu la kutokea. Linakaa hapo, na chuma kinachozunguka povu hakipozwi. Mazda waliacha tundu la hita kwenye bamba hilohilo. Wengi huliziba kwa sababu ndege haina hita ya maji. Usilizibe. Toa hapo kibomba chembamba, tundu la milimita 3 hadi 5 linatosha, ukipeleke kwenye tangi la juu, yaani tangi dogo la maji lililo juu kuliko mfumo wote.

FundiRejeta_Gerezani

Nimekuelewa hapo kwenye mkao. Swali la gereji: sisi huku gari likichemka tunang'oa themostati, maji yapite bila kizuizi. Kwenye ndege si ndiyo afadhali zaidi, kifaa kimoja kimepungua cha kuharibika?

Mbayuwayu13B

Fundi, nilikuwa nakusubiri wewe. Themostati ya 13B ina kazi mbili. Juu inafungua njia ya kwenda rejeta. Chini ina kisahani ambacho injini ikipata moto kinashuka na kuziba tundu la njia ya mkato, lile linalorudisha maji moja kwa moja kwenye pampu bila kufika rejeta. Ukiing'oa, njia ya rejeta iko wazi, na njia ya mkato nayo iko wazi. Maji hufuata njia rahisi. Kiasi kikubwa kinazunguka ndani ya injini tu, na gari linachemka zaidi kuliko lilivyokuwa. Fundi anasema injini ni mbovu, kumbe ni lile tundu.

Kwenye ndege wapo wanaoiondoa na hawana shida, lakini wanaziba lile tundu kwanza, kwa kuchonga nyuzi na kufunga boliti au kwa kulichomelea. Wanachopoteza ni injini kupata moto haraka asubuhi ya baridi, na kwenye kushuka kutoka juu maji yanapoa kupita kiasi. Binafsi ningeiacha ile ya nyuzi 82. Toboa tundu dogo kwenye bamba lake. Linasaidia hewa kutoka wakati wa kujaza.

FundiRejeta_Gerezani

Aisee. Kuna Mazda moja hapa gereji nairudia kesho asubuhi.

DadaRiveti

Asante kwa uzi kaka. Niko Alberta, RV-7 yangu (moja ya ndege za Van's) bado ni mabawa tu lakini injini ninayo. Nimenunua koili mbili za eyakondishen za magari ya GM, zile nene za alumini, maana wengi wanazitumia kama rejeta. Nizifunge kwa mfuatano au sambamba? Kila ninayemuuliza ana dini yake.

Mbayuwayu13B

Dada, dini zote mbili zina waumini wanaoruka, kwa hiyo tuangalie tu kila moja inataka nini.

Ukizifunga kwa mfuatano, maji yote yanapita koili ya kwanza halafu ya pili. Huna wasiwasi wa kugawanya, na hewa haina tawi la kujifichia. Lakini upinzani wa koili mbili unajumlishwa na pampu inausikia. Ya pili pia inapokea maji yaliyokwisha kupoa, kwa hiyo inatoa joto pungufu kidogo.

Ukizifunga sambamba, kila koili inapitisha nusu, na upinzani unashuka sana. Tatizo ni kwamba maji hayagawanyiki kwa haki. Tawi moja likiwa na hozi ndefu au kona moja zaidi, lingine linachukua sehemu kubwa. Na tawi likiwa na povu kwa juu linaweza kulala kabisa, usijue, kwa sababu geji yako inasoma maji yaliyochanganyika. Ukichagua njia hii, pima hozi za kushoto na kulia ziwe urefu mmoja, tumia kiungo cha Y badala ya T, na kila koili iwe na kibomba chake cha kutolea hewa kutoka sehemu yake ya juu.

Mimi ningekwenda sambamba, kwa sababu pampu ya Mazda haipendi kusukuma dhidi ya upinzani. Ila kabla ya yote angalia midomo ya hizo koili. Zilitengenezwa kwa gesi, midomo yake ni myembamba. Kata, uchomelee bomba la milimita 25 au zaidi. Na umpe kazi hiyo mtu anayejua alumini nyembamba, la sivyo atakurudishia chujio.

Usisahau upande wa hewa. Kilowati 75 zikiingia kwenye hewa na kuipandisha nyuzi 40, unahitaji kama mita za ujazo 1.6 za hewa kila sekunde. Mdomo wa boneti unaipokea ikiwa ya kasi. Njia inayotanuka polepole ndiyo inayoipunguza mwendo na kuipandisha presha kabla haijafika kwenye koili. Ziba kila mwanya pembeni. Hewa nayo inafuata njia rahisi kama maji.

MtotoWaRuiru

Wadau nimefuata hii story tangu juzi. Mimi ni wa Nairobi, nimekuwa nikizubaa pale uwanja wa ndege wa Wilson tangu nikiwa mdogo. Swali langu ni moja: hapa kwetu maji huchemka kabla ya kufika 100. Ndege ikipanda futi elfu kumi itakuwaje?

Mbayuwayu13B

Swali zuri sana. Wilson iko futi 5,536, maji kwenye sufuria ya wazi yanachemka kwa nyuzi 94 au 95 hivi. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Tuchukue kinachoshikilia presha ya bar 0.9. Lakini bar 0.9 hiyo ni juu ya presha ya hewa ya nje, wala haihesabiwi kutoka sifuri. Maji matupu na kifuniko hicho: Dar yatachemka karibu nyuzi 119, Wilson karibu 116, na mita 3000 juu ya bahari karibu 113. Glaikoli inakuongezea nyuzi kadhaa. Kwa hiyo akiba inapungua kadiri unavyopanda, ila haiishi. Kitakachoimaliza ni kifuniko kuvuja, na hapo ndege iliyokuwa salama kwa nyuzi 100 inaanza kuchemka ikiwa hewani. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo. Kipimwe kwa pampu ya presha kila ukaguzi wa mwaka.

Mahali pa kukiweka nako kuna maneno. Ukiweka kifuniko mara baada ya maji kutoka kwenye injini, kinabeba presha ya mfumo na ya msukumo wa pampu juu yake. Mizunguko ikipanda kinafunguka na kumwaga maji wakati hakuna kilichochemka. Kifuniko kinakaa kwenye tangi la juu, tangi liko juu kuliko kila kitu hata pua ikiwa imeinuka, na chini ya tangi linatoka bomba la kama milimita 19 linaloungana na upande wa kufyonza karibu kabisa na pampu. Maji hayazunguki kwa wingi kwenye bomba hilo, ndiyo maana wembamba wake hauna tatizo. Kazi yake ni kupeleka presha ya tangi mbele ya panga za pampu, pale nilipokwisha kusema panachemka haraka. Vibomba vya hewa vyote vinaishia kwenye tangi.

Ndani ya tangi acha nafasi. Maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 yanapanuka kwa kama asilimia 4, yenye glaikoli zaidi kidogo. Mfumo wa lita 9 unataka karibu nusu lita ya nafasi tupu.

Mzee_wa_Lycoming

Vijana mnajitesa. Lycoming O-320 inatoa farasi 150 hadi 160, inapozwa na hewa, haina hozi, haina pampu ya maji, haina kifuniko. Kitu ambacho hakipo hakiwezi kuvuja. Kuna kiwanda chochote cha maana kilichowahi kuweka rotari kwenye ndege?

Mbayuwayu13B

Shikamoo mzee. Sentensi yako ya hozi sibishani nayo. Ukitaka kuruka mwaka huu na si kuchonga mabano mpaka usiku, nunua Lycoming.

Viwanda vipo. Schleicher wa Ujerumani wameweka rotari kwenye glaida zao (ndege za kuelea hewani) zenye injini, kama ASH 26 E. Ile ni rota moja, farasi 50 hivi, na wao walichagua njia tofauti: nyumba ya rota inapozwa na maji, rota yenyewe inapozwa na hewa inayopitishwa tumboni mwake. Waliondoa oili kwenye kazi ya kupoza.

Na kwa kuwa umegusa kuvuja: kwenye 13B mimi naogopa hozi ya oili kuliko ya maji. Oili yote inayotoka kwenye pampu inakwenda kwanza kwenye kipoza oili (oil cooler) nje ya injini, ndipo inarudi kulainisha. Hozi hiyo ikipasuka, sampu (karai la oili) inakauka kwa muda mfupi sana. Tumia hozi za ndege zenye wavu wa chuma na koti la kuzuia moto, mbali na egzosi, maana egzosi ya rotari ni ya moto kuliko ya pistoni. Maji yakiisha injini bado itakuvumilia kidogo. Itaharibu sili za maji kati ya nyumba za alumini na mabamba ya chuma, utaifungua yote, lakini unaweza kuwa umeshatua.

DadaRiveti

Hozi za maji je? Silikoni au mpira wa kawaida? Na klipu?

Mbayuwayu13B

Injini inatikisika kwenye mikono yake ya mpira, rejeta imefungwa kwenye mwili. Kwa hiyo popote bomba linapovuka kutoka kimoja kwenda kingine lazima pawe na kipande cha hozi. Katikati tumia bomba la alumini, limeshikwa kwa mabano, na kila ncha ipigwe ukingo ulioinuka ili hozi isichomoke. Hozi iliyovikwa kwenye bomba laini na kukazwa kwa klipu tu ipo siku itateleza, presha ikiwa bar moja na maji nyuzi 95.

Silikoni inavumilia joto kuliko mpira, lakini ni laini: klipu yenye matundu ya nyuzi inaikata. Tumia zenye ukanda mpana usio na matundu. Silikoni pia hupenda kutoa jasho kwenye viungo injini ikipoa, kwa hiyo kaza tena baada ya kuwasha mara chache za mwanzo. Mpira mzuri wa EPDM unafanya kazi vizuri na ni wa bei nafuu, ukiubadilisha kwa wakati.

KiparaBuguruni

Nimeanza nikicheka, sasa nachukua daftari. Hivi rubani anajuaje maji yameanza kupotea? Anaangalia geji ya joto tu?

Mbayuwayu13B

Hapana, na hapo ndipo geji ya joto inapodanganya. Sensa inapima kitu kinachoigusa. Maji yakiondoka, sensa inabaki kwenye hewa au mvuke, na inaweza kuonyesha joto likishuka wakati injini inaungua. Rubani anaona namba nzuri, anafurahi.

Weka geji ya presha ya maji, sensa yake ikiwa kwenye tangi la juu au kwenye bomba linaloteremka kutoka hapo. Injini ikipata moto, presha inapanda na kutulia. Hozi ikianza kuvuja, presha inaporomoka kabla geji ya joto haijatikisika, na rubani anapata dakika za kutafuta uwanja. Iwe na taa nyekundu, kwa sababu hakuna mtu anayetazama geji hiyo kila mara. Ukiongeza swichi ya kuonyesha kiwango ndani ya tangi, afadhali zaidi.

MtotoWaRuiru

Na kabla ya kuruka mara ya kwanza, unatest aje huo mfumo ukiwa chini?

Mbayuwayu13B

Jaza polepole kupitia tangi la juu, vibomba vya hewa vikiwa vimefunguliwa upande wa tangi, mpaka kila kimoja kitoe maji bila povu. Kama ndege ni ya gurudumu la mkiani, jaza ikiwa mkao wake wa kawaida, kisha inua mkia hadi mkao wa kuruka uone kama kiwango kinashuka. Kikishuka, kulikuwa na povu mahali.

Halafu funga pampu ya mkono badala ya kifuniko, pandisha presha hadi ile ya kifuniko chako, uiache usiku mzima. Sindano ikishuka, tafuta tone kwa kitambaa cha karatasi kwenye kila kiungo. Ukiwasha, boneti ikiwa imefunguliwa, pitisha mkono, kwa uangalifu na mbali na propela, kwenye rejeta zote mbili: ziwe na joto linalofanana. Kipimajoto cha miale kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na unaweza kupima ukiwa umesimama nyuma ya bawa. Moja ikiwa ya baridi, zima, usianze hata kuitembeza ndege kwenda njia ya kurukia. Zikiwa sawa, funga mkia kwenye nguzo imara, toa nguvu zote mpaka maji yafike karibu 95, zima, acha ipoe kabisa, fungua tangi uongeze yaliyopungua. Rudia mpaka hayapungui tena.

DadaRiveti, ukishachomelea hizo koili weka picha humu kabla hujafunga hozi.